Diploma ya Uuguzi: Mtoto wa Mfanyakazi Aanze Nayo, Lakini Asifungiwe Humo



Matokeo ya mtihani wa KCSE yakishatoka, swali huwa ni lile lile Kiandutu, na katika ofisi yetu pia halikosi kufika. Mtoto amepata C, ataka kuwa muuguzi. Je, aanze na diploma, au angoje mpaka ipatikane njia ya digrii? Wako wanaomshauri angoje. Husema ya kwamba diploma imepitwa na wakati, ati hospitali za siku hizi zataka watu wa chuo kikuu, na mwenye diploma atasukuma kigari cha dawa mpaka uzeeni. Maneno hayo tumeyasikia ndani ya matatu, tumeyasikia nje ya kanisa, na hata langoni mwa kiwanda tumeyasikia kwa watu ambao wao wenyewe hawana cheti chochote.

Sisi twasema aanze. Aanze na diploma, na kama nafasi iko mwaka huu, aanze mwaka huu. Lakini twasema pia ya kwamba diploma ni mahali pa kuingilia kazini, si mahali pa kufungiwa, na mambo hayo mawili hayaji pamoja yenyewe. La kwanza ni shauri la mzazi na mtoto wake. La pili ni kazi ya vyama vya wafanyakazi, nacho chama chetu kimo, ingawa wengi wetu ni watu wa viwanda na mashamba wala si watu wa hospitali.

Msomaji asiyekaa Thika aelewe kwanza ni mahali gani tunapopasema. Kiandutu ni mtaa wa mabati, karibu na Makongeni, upande wa barabara ya Garissa. Jina lake kwa Kikikuyu latoka katika ndutu, yaani funza, na waliopaita hivyo hawakuwa wakifanya mzaha. Wakaao hapo ni sisi wenyewe: vibarua wa viwandani, wachumaji wa kahawa, watu wa mananasi, watu wa mjengo, mafundi wa jua kali, akina mama wafuao nguo za watu na wauzao sukuma wiki jioni. Mtoto akishikwa na homa Kiandutu hatafutiwi profesa, atafutiwa sista. Muuguzi ndiye ampimaye mama mja mzito, ndiye achanjaye mtoto, ndiye amkazaniaye mgonjwa wa kifua kikuu ameze dawa miezi sita bila kuruka siku, ndiye atoaye funza katika kidole cha mguu na kumweleza mwenye nyumba kwamba sakafu ya vumbi ndiyo iliyowaleta. Kazi hiyo yote yaweza kufanywa, na yafanywa kila siku, na muuguzi mwenye diploma.

Kituo cha afya Kiandutu kiko. Hospitali ya Thika Level 5 si mbali. Tena KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya uganga na uuguzi, ambacho chanzo chake ni mwaka 1927, kina tawi hapa Thika, moja katika matawi yake yaliyozidi 70 nchini. Kijana wa kwetu akibahatika aweza kwenda darasani na kurudi kulala kwao (akibahatika, twasema, maana waombaji wa KMTC siku hizi hupitia KUCCPS, na KUCCPS yaweza kumpeleka Lodwar).

Sasa diploma yenyewe. Ile waiitayo KRCHN humtaka mwanafunzi awe na C katika mtihani wote, na C katika Kiingereza au Kiswahili, na C katika Biolojia, na C ya kutoa katika Kemia au Fizikia au Hesabu. Angalieni hapo: Kiingereza au Kiswahili. Wazazi wengi hudhani mtoto aliyeanguka Kiingereza amekwisha, kumbe Kiswahili chake chaweza kumfikisha. Masomo huchukua miaka mitatu hivi, naye hufundishwa uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii na mambo ya wagonjwa wa akili. Akimaliza hukaa mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, na akipita huandikwa katika daftari la Baraza na kupewa leseni. Huyo ni muuguzi aliyesajiliwa. Si msaidizi, si nusu muuguzi.

Njia ya digrii yataka C ya kuongeza na zaidi, miaka minne ya chuo kikuu, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Jumla ni miaka mitano kabla hajawa tayari kuomba kazi kamili. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi, tofauti ya miaka miwili ni kitu cha kufikiriwa. Kwa kibarua alipwaye kwa siku, ambaye ana wengine watatu nyuma ya huyo wa kwanza, ni kama kumwambia wale wadogo wasisome. Ndiyo maana hatukubali mtu kuja kuidharau diploma mbele ya wazazi wa Kiandutu kana kwamba walichagua kwa uvivu. Walichagua kwa hesabu, na hesabu yao ni sahihi.

Lakini kuna jambo moja la kuwaonya, nalo tutalisema kwa urefu kwa sababu limewaumiza watu wetu.

Pesa za wanyonge zaliwa. Mtu hukodi vyumba viwili juu ya duka, hupaka rangi nyeupe, huweka kitanda kimoja na sanamu ya kufundishia, hubandika tangazo la uuguzi kwenye mlingoti wa stima, basi amekuwa mkuu wa chuo. Mwanachama mmoja wetu aliuza ng'ombe nyumbani kwao, akachukua na mkopo wa ushirika, akamlipia binti yake karo katika mahali kama hapo. Binti alivaa sare, alisoma kwa bidii, alipiga picha siku ya kufunga masomo. Alipokwenda kujiandikisha kwa mtihani wa Baraza aliambiwa chuo chake hakimo katika orodha. Hatukitaji chuo hicho. Twataja tu kwamba ng'ombe hakurudi, na mkopo wa ushirika bado ulikatwa katika mshahara kila mwezi mpaka ukaisha.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mzazi aulize jambo moja: je, chuo hiki kimekubaliwa na Baraza la Wauguzi kufundisha uuguzi? Orodha ya vyuo vilivyokubaliwa hutolewa na Baraza lenyewe, haifichwi. Asitosheke na kuambiwa chuo kimesajiliwa, maana chuo chaweza kusajiliwa kufundisha kompyuta na ushonaji, na uuguzi kikajiongezea chenyewe. Tena ajihadhari na zile kozi za miezi michache za usaidizi wa nasi. Hatusemi hazina faida. Mtu aweza kupata kibarua cha kumwangalia mzee nyumbani kwake. Lakini mwenye cheti hicho haandikwi kuwa muuguzi, hata akifanya kazi hiyo miaka kumi, na anayemwambia mzazi vinginevyo ni mwongo. La mwisho, karo hailipwi mkononi mwa mtu. Yeyote asemaye ana mjomba katika ofisi fulani, na kwamba nafasi yataka kitu kidogo, mzazi ashike mkono wa mtoto wake waondoke.

Turudi kwa wale wasemao diploma imekwisha. Tuwatendee haki, neno lao lina asili, wala si la hapa kwetu peke yake.

Huko Marekani, mwalimu wa uuguzi Mildred Montag wa New York alitoa mwaka 1951 shauri la kuwafundisha wauguzi kwa miaka miwili katika vyuo vidogo vya jamii, kwa sababu baada ya Vita Kuu ya Pili wauguzi hawakutosha. Mwaka 1952 majaribio yakaanza. Shauri lake la asili lilikuwa kwamba watu hao wawe wasaidizi wa kazi chini ya wauguzi wa digrii. Lakini walikaa mtihani ule ule wa leseni, wakapita, wakawa wauguzi waliosajiliwa kama wenzao, na mpaka leo njia hiyo ya miaka miwili ndiyo waipitayo watu wengi wasio na mali, pamoja na Wakenya wengi walioko huko ambao walianza kwa kuwaogesha wazee. Mwaka 1965 chama cha wauguzi wa Marekani kilitoa tangazo kikitaka digrii iwe ndicho kiwango cha chini cha muuguzi kamili. Ubishi huo umeendelea tangu siku hiyo. Mwaka 2017 dola ya New York ikapitisha sheria, nayo yasema nini? Yasema muuguzi mpya aanze kazi na elimu yake ya miaka miwili, kisha apate digrii katika muda wa miaka 10. Hata hao New York, pamoja na utajiri wao, hawakumwambia mtu asianze. Walimwambia aanze, apande.

Uingereza ilifanya namna nyingine. Tangu 2013 kila aanzaye masomo ya uuguzi Uingereza alilazimishwa kusoma digrii. Haikupita miaka mingi wakaona watu hawatoshi; ndipo wakaunda cheo kipya cha chini yake, cha elimu ya miaka miwili, na mwaka 2019 wakaanza kukisajili. Mlango walioufunga mbele wakaufungua uani. Basi wanaotaka tuige ng'ambo watuambie kwanza tuige mwaka upi.

Hata hivyo hatutaki kujidanganya. Elimu ya zaidi yaokoa watu. Mwaka 2014 jarida la waganga liitwalo Lancet lilichapisha uchunguzi wa Linda Aiken na wenzake katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya. Waliwaangalia wagonjwa zaidi ya 400,000 waliofanyiwa upasuaji. Waliona ya kwamba pale ambapo wauguzi wenye digrii wamezidi kwa sehemu 10 katika 100, uwezekano wa mgonjwa kufa katika siku 30 ulikuwa umepungua kwa sehemu 7 katika 100. Hilo ndilo jambo ambalo wakubwa hupenda kulisoma mbele ya watu. Lakini uchunguzi huo huo ulisema na la pili, nalo hulisoma kimya kimya: kila mgonjwa mmoja aongezwaye katika mzigo wa muuguzi, uwezekano wa kufa ulizidi kwa sehemu 7 katika 100. Saba kwa saba, ndugu zangu. Tajiri amtakaye muuguzi wa digrii, kisha ampe wodi nzima peke yake usiku, amejenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa mkono wa kushoto. Nasi twajua ni mara ngapi mtu ameingia wodini saa nane za usiku akamkuta muuguzi mmoja na vitanda vyenye wagonjwa wawili wawili.

Kwa hiyo msimamo wetu si kwamba diploma yatosha daima. Msimamo wetu ni kwamba apatikane muuguzi mwingi wa diploma leo, kisha apandishwe, na gharama ya kupanda isiwe juu ya mgongo wake peke yake.

Kupanda kwenyewe kwawezekana. Ushahidi tunao nchini mwetu. Zamani wauguzi wengi wa Kenya walikuwa wa cheti tu, si wa diploma. Mwaka 2005 AMREF, pamoja na Baraza la Wauguzi, walianza masomo ya kompyuta ili wenye cheti wapate diploma bila kuacha kazi zao. Jambo hilo lilikuwa la maana kuliko lilivyosifiwa. Muuguzi wa zahanati ya mbali hakuhitaji kuhamia Nairobi na kuwaacha watoto. Alisoma alipo, akafanya mazoezi katika hospitali iliyo karibu. Maelfu walipita njia hiyo. Kutoka diploma kwenda digrii pia kuna njia, nayo huchukua miaka miwili au kuzidi kidogo badala ya minne. Vyuo vikuu vifundishavyo uuguzi haviko mbali na sisi: Mount Kenya iko hapa hapa Thika, na JKUAT iko Juja.

Shida si chuo. Shida ni haya tunayoyasikia kila tukikaa na wauguzi. Muuguzi huomba ruhusa ya masomo, huambiwa hakuna mtu wa kushika zamu yake. Basi husoma kwa likizo zake za mwaka na kwa usingizi wake, hulipa karo kwa mkopo, na akija na digrii mkononi huambiwa asubiri kubadilishiwa cheo. Husubiri. Mwaka wapita, na wa pili, naye afanya kazi ya elimu mpya kwa mshahara wa elimu ya zamani. Kisha watu hao hao waliomkalisha hutoka nje wakasema wauguzi wa diploma hawapendi kusoma!

Hapo ndipo vyama viingie. Twataka katika kila mapatano ya kazi ya wauguzi yawemo mambo haya: ruhusa ya masomo yenye mshahara, iwe kwa zamu na kwa utaratibu ujulikanao, si kwa kupendelewa, cheo na mshahara vibadilike katika muda uliotajwa tangu siku ya kuleta cheti, na ukipita, malimbikizo yalipwe, na miaka aliyoitumikia diploma ihesabiwe, asianzishwe upya kama mtoto wa shule. KNUN, chama cha wauguzi, ndicho chenye haki ya kukaa mezani kwa hayo. Sisi wengine kazi yetu ni kuwaunga mkono, tena kwa sauti. Mwaka 2017 wauguzi waligoma tangu mwezi wa Juni hadi mapema Novemba, karibu miezi mitano, kwa ajili ya mapatano ya mshahara. Waliotaabika zaidi ni watu kama sisi, wasio na pesa za hospitali ya faragha. Wako wanachama wetu waliowatukana wauguzi wakati ule. Twawaelewa, maana mtu mwenye mgonjwa nyumbani hana subira. Lakini kama vyama vyote vingesimama mapema pamoja nao, pengine isingefika miezi mitano.

Jambo lingine ambalo mzazi aambiwe kabla, asije akasema hakuambiwa: diploma si ajira. Tangu 2013 kazi za hospitali nyingi za umma ziko mikononi mwa kaunti, na kaunti huajiri ikiwa na bajeti. Wako vijana wenye leseni waliokaa nyumbani wakingoja tangazo, na huku wodi hazina watu. Jambo hilo ni aibu, wala si la kulaumiwa kijana. Wengine waliajiriwa mwaka 2020 kwa mikataba ya miaka mitatu, ule mpango wa UHC, wakatumika wakati wa Korona wengine walipojifungia, kisha wakahitaji kupiga kelele miaka mingi mabarabarani ili wapewe kazi ya kudumu. Kijana aingiaye uuguzi ajue ya kwamba leseni na kadi ya chama ni vitu vya kuchukuliwa pamoja.

Na wale wafikirio ng'ambo tu? Hatuwakatazi. Mwaka 2021 serikali yetu ilitia sahihi mapatano na Uingereza juu ya kupeleka wauguzi huko. Mtu ana haki ya kuuza kazi yake pale inapolipwa. Twaona tu ni ajabu kwamba muuguzi ambaye kaunti ilisema haina shilingi za kumwajiri, nchi nyingine imempata tayari amefundishwa.

Neno dogo kwa akina baba: uuguzi si kazi ya wasichana peke yao. Mvulana mwenye C ya Biolojia ambaye anashinda kwenye stendi akiita abiria, mzazi amwulize kama amewahi kulifikiria. Karo, kwa kweli, ndiyo hung'ang'ania kooni. HELB hukopesha wanafunzi wa KMTC; basari za NG-CDF na za kaunti zipo, ila fomu zake huisha upesi, na asiyejua siku hukosa. Halmashauri yetu imekubali kubandika tarehe hizo kwenye ubao wa ofisi mara tu zitokapo, na makarani wa matawi wazisome langoni saa ya kubadilisha zamu.

Mzazi mwenye barua ya kuitwa chuo chochote cha uuguzi ailete ofisini Jumamosi, kabla ya saa sita za mchana, pamoja na matokeo ya mtoto. Tutaitazama pamoja katika orodha ya Baraza, bila malipo, hata kama yeye si mwanachama. Aje kabla hajalipa.